Mikono ya Edobei: kisa cha chapa moja ya Sharaku

Mtu akiitazama picha hii mara ya kwanza, macho yake huanzia usoni, yanashuka kwenye mikono, na hapo yanakwama. Ni mikono midogo kuliko uso unavyodai. Imechomoza kifuani katikati ya nguo ya mistari, wala huoni mabega au viwiko vinavyoisukuma, na vidole vimetanuka kama vya mtu anayetaka kukamata kuku gizani. Juu yake kuna kichwa kikubwa kilichosogezwa mbele kwa shingo iliyonyooshwa. Pua imepinda, midomo imebanwa na kushuka pembeni, taya limekazwa, na macho madogo yamevutwa kuelekea puani. Utosi umenyolewa. Nyuma yake hakuna mti wala nyumba wala pazia, ni kijivu kizito kinachometameta ukiinamisha karatasi kidogo kwenye mwanga.

Hii ni chapa ya mbao iliyotolewa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, mwaka 1794. Anayeonekana ni mwigizaji wa kabuki, michezo ya jukwaani ya Kijapani, aitwaye Otani Oniji III, akicheza kama Edobei. Mchoraji ni Toshusai Sharaku na mchapishaji ni Tsutaya Juzaburo. Karatasi yenyewe ni ndogo, kama sentimita 38 kwa 25, kiasi cha kushika mkononi na kuitazama kwa karibu. Leo nakala zake zimehifadhiwa kwenye makumbusho makubwa, yakiwemo Metropolitan ya New York na Taasisi ya Sanaa ya Chicago, na uso huo umeshazunguka dunia kwenye mabango na fulana. Hata asiyejua kabuki ni nini, akiuona husema "Japani".

Nimeichukua kama kisa cha kuchambua kwa sababu maelezo yanayorudiwa juu yake hayaniridhishi. Tunaambiwa Sharaku aliwachora waigizaji kwa kuwakebehi, mashabiki wakakasirika, chapa zikadoda, na mchoraji akapotea baada ya miezi kumi. Kwamba alipotea baada ya miezi kumi ni kweli. Ila neno "kebehi" linaanza kuyumba mara tu unapojua ni sekunde gani ya mchezo iliyochorwa hapa.

Mwezi wa 5 mwaka 1794, kwa kalenda ya Japani ya wakati ule iliyofuata mwandamo wa mwezi, ukumbi wa Kawarazaki ulikuwa unacheza tamthilia ya Koi nyobo somewake tazuna. Hadithi ilikuwa ya zamani, imeshachezwa na wanasesere huko Osaka tangu 1751, na watu wa Edo waliijua. Yosaku na Shigenoi wanapendana ndani ya nyumba ya bwana mmoja, mahali ambapo mapenzi ya watumishi ni kosa, na kuanzia hapo balaa linazaa balaa. Ippei, mtumishi mwaminifu wa Yosaku, anabeba fedha za bwana wake. Wabaya wanajua. Edobei anatumwa kumvizia kwenye ukingo wa mto, Shijo, mjini Kyoto, amnyang'anye.

Edobei ni yakko, yaani mtumishi wa samurai wa daraja la chini, mtu wa kutumwa kazi za nguvu na za fujo. Ana bwana wake, ana ujira wake, na usiku huu ana kazi moja tu. Sasa rudi kwenye picha. Shingo ile ni ya mtu aliyemwona anayemsubiri. Mikono ile imetolewa ndani ya nguo sekunde hii hii, kwa ajili ya kushika. Na yale macho yaliyovutwa puani kama makengeza si kasoro ya Otani Oniji. Mpenzi wa kabuki anayatambua mara moja. Mambo yanapofika kileleni, mtu wa pembeni hupiga vibao vya mbao sakafuni, mwigizaji anageuza kichwa, anaganda, anayavuta macho ndani na kuishika hali hiyo mpaka ukumbi upige kelele. Kituo hicho kinaitwa mie. Sharaku amechora uso uleule ambao Oniji mwenyewe aliuchagua na kuufanyia mazoezi ili ukumbi mzima, hadi walioketi nyuma kabisa, ujue kwamba roho ya mtu huyu imeiva kwa uovu. Kuiita hiyo dhihaka ni sawa na kumlaumu anayerekodi ngoma kwa sababu ngoma ina kelele.

Kuna jambo jingine ambalo picha ikitundikwa peke yake haliwezi kusema: imeumbwa kuwa nusu ya tukio. Sharaku alimchora pia Ichikawa Omezo katika nafasi ya Ippei, kwa kipimo kilekile na mandharinyuma yaleyale, akiuchomoa upanga. Edobei anatazama kushoto, Ippei anatazama kulia. Ziweke chapa hizo mbili bega kwa bega, Ippei upande wa kushoto, na unapata ugomvi kamili. Wengi wanaoshangaa kwa nini Edobei amenyoosha shingo hivyo hawajamwona anayemnyooshea.

Tofauti kati ya uso na mikono imewasumbua wahakiki wengi, na baadhi yao husema tu kwamba Sharaku hakujua kuchora mikono. Inawezekana kweli hakuwa amefunzwa kwenye karakana yoyote ya wachoraji. Michoro yake haina ule ulaini wa mkono uliolelewa na mwalimu. Lakini jaribu kuifunika mikono hiyo kwa kiganja chako. Anayebaki ni mzee mwenye hasira. Ifunue, na jambazi amerudi. Mikono ingechorwa kwa kipimo sahihi, na misuli, na mahali pake pa kawaida, ingekuwa mikono ya mtu anayepigana kwa haki. Hii midogo, iliyojitokeza ghafla pasipotarajiwa, ina uchu. Mimi simuoni aliyeshindwa kuchora hapo.

Kwa utengenezaji wake, chapa hii ni kazi ya watu wengi, na anayempa Sharaku sifa zote anawadhulumu wengine. Yeye alichora mistari kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Karatasi hiyo iligandishwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mti wenye nyuzi ngumu zinazovumilia mstari mwembamba, kisha mchongaji akachonga kuipitia, akiacha mistari imesimama na kuondoa kila kilicho kati yake. Ndiyo kusema mchoro wa mkono wa Sharaku uliliwa na kisu. Tunachokiona ni mkono wa Sharaku uliopita kwenye mkono wa mchongaji. Nywele za Edobei pale zinapokutana na kipaji cha uso zimekatwa kwenye mbao, uzi baada ya uzi, tena kwa kugeuzwa kama kwenye kioo. Kila rangi ikapewa ubao wake. Kwenye kona na ukingo wa kila ubao mchongaji aliweka alama mbili za kuegeshea karatasi, ili rangi ya pili isianguke nje ya mstari wa kwanza. Mpiga chapa akapaka rangi, akalaza karatasi ya nyuzi za mforosadi iliyotiwa unyevu, akaisugua kwa nyuma na kifaa cha duara kilichofungwa kwa ganda la mwanzi.

Halafu ulanga. Ni madini yale yanayobanduka kwa matabaka membamba kama maganda ya kitunguu, yenye mng'ao. Yalisagwa yakawa unga, yakachanganywa na gundi, yakawekwa juu ya rangi nyeusi ya nyuma. Ndiyo sababu kijivu kile hakitulii: ukiitazama picha wima ni giza, ukiinamisha ni fedha. Picha za kwenye skrini haziwezi kuonyesha hilo hata kidogo, na nadhani nusu ya kutomwelewa Sharaku inatokana na kumtazama kwenye vitabu tu. Kumbi za kabuki zilitumia mwanga wa mchana ulioingia madirishani juu, na palipohitajika uso uonekane, msaidizi alimsogezea mwigizaji mshumaa kwenye ncha ya ufito mrefu. Uso unang'aa, nyuma kuna giza linalochezacheza. Ulanga wa Tsutaya ni giza hilo.

Tsutaya anastahili kutazamwa kwa makini, maana uamuzi mkubwa katika kisa hiki ulikuwa wake. Alianza na duka la vitabu kwenye lango la Yoshiwara, mtaa wa starehe, akapanda hadi kuwa na duka Nihonbashi, katikati ya biashara ya Edo. Ndiye aliyemtoa Utamaro na picha zake za wanawake wazuri. Kisha serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ikaanza kubana anasa na maandishi ya ovyo. Mwaka 1791 mwandishi wake Santo Kyoden alifungwa pingu siku 50 kwa sababu ya vitabu vilivyovunja amri, na Tsutaya aliyevichapisha akanyang'anywa nusu ya mali yake.

Kumbi za michezo nazo hazikuwa salama. Kumbi tatu kubwa zenye kibali, Nakamura, Ichimura na Morita, zilikuwa zimezama kwenye madeni, na mwaka 1794 nafasi zake zilishikwa na kumbi za akiba: Miyako, Kiri na Kawarazaki. Hapo katikati, Tsutaya anachapisha kwa mkupuo mmoja chapa 28 za mchoraji ambaye hakuna aliyewahi kumsikia, zote kwenye karatasi kubwa kwa kipimo cha siku zile, zote zikiwa na ulanga. Mchoraji mgeni kwa kawaida alianza na karatasi ndogo na rangi chache. Na ndani ya hizo 28 wamo pia waigizaji wadogo ambao jina lao halikuvuta watu mlangoni. Otani Oniji mwenyewe alikuwa mwigizaji mzuri wa wabaya, si nyota wa kwanza. Wote wakapewa kijivu kilekile cha fedha. Hili pia linanifanya nisiikubali hadithi ya kebehi: mtu hamtayarishii anayemcheka mandharinyuma ya bei ghali.

Ila mnunuzi alikuwa na lake. Chapa ya mwigizaji ilinunuliwa na shabiki, na shabiki alitaka kwenda nyumbani na kijana wake mzuri. Wakati huohuo Utagawa Toyokuni alikuwa anatoa kwa mchapishaji mwingine, Izumiya Ichibei, picha za waigizaji haohao wakiwa wamesimama mwili mzima, miguu mirefu, nguo zimeanguka vizuri, sura safi. Zilipendwa, na Toyokuni akajenga juu yake jina lililodumu hadi kifo chake mwaka 1825. Sharaku alimpa shabiki mikunjo. Kwa wabaya kama Edobei hilo halikumuumiza mtu, kwani nani anataka jambazi mzuri? Ilipouma ni kwa wanaume waliocheza wanawake. Mtazame Segawa Tomisaburo II anayemcheza Yadorigi, kwenye mchezo wa ukumbi wa Miyako: nywele ni za mke wa mtu, nguo ni za mke wa mtu, na uso ni mrefu, wa mfupa, wa mwanamume aliyekwisha kupita ujana. Jukwaani sauti, mwendo na poda vilifunika hayo yote. Sharaku akaweka mwanamume na mwanamke anayemwigiza kwenye karatasi moja, wote wawili wanaonekana. Ninavyoona mimi hakuna heshima kubwa zaidi kwa ufundi wa mwigizaji, maana unaona umbali aliousafiri. Lakini mashabiki hawakulipia kuuona umbali.

Ota Nanpo, mshairi na mwandishi wa Edo aliyeishi wakati huohuo, aliacha hukumu fupi: kwamba Sharaku alichora sura za waigizaji, akataka ukweli kupita kiasi hata akavichora visivyopaswa kuchorwa, na kwa hiyo hakudumu. Maneno hayo yamebebwa miaka zaidi ya 200 kama cheti cha kifo. Mimi ninayasoma kama lalamiko la mteja, tena mteja mwerevu. Hasemi Sharaku alidhihaki. Anasema alisema kweli mno.

Na hesabu hazikai sawa na hadithi ya kudoda. Tsutaya, mtu aliyekwisha kupoteza nusu ya mali, hakuishia kwenye zile 28. Alirudi na Sharaku mwezi wa 7, akarudi tena mwezi wa 11, tena mwaka mpya wa 1795, mpaka zikafika chapa zaidi ya 140. Mfanyabiashara hafanyi hivyo kwa bidhaa isiyotoka. Kilichobadilika ni bidhaa yenyewe. Baada ya mkupuo wa kwanza nyuso kubwa zilipungua, wakaja watu wa mwili mzima. Karatasi nyingi zikawa nyembamba, zikaongezeka za bei ndogo. Ulanga ukapungua, ukatoweka. Yakaingia majina ya waigizaji na mandhari ya nyuma. Ukizipanga kwa tarehe unaona mkono unachoka. Mistari ya mwisho imelala, nyuso zinafanana. Kwa maoni yangu soko halikumkataa Sharaku kwa kishindo, lilimvuta taratibu afanane na wengine, na kwa kufanana na wengine hakuwa na uwezo wowote wa pekee.

Sharaku alikuwa nani? Mwaka 1844 Saito Gesshin, aliyekuwa akikusanya habari za wachoraji wa Edo, aliandika kwamba jina lake halisi ni Saito Jurobei, mkazi wa Hatchobori, mwigizaji wa no, mchezo wa jukwaani wa vinyago, katika utumishi wa bwana wa jimbo la Awa. Kwa muda mrefu watu hawakulitilia maanani, wakapendekeza majina mengine kwa makumi, hata wachoraji maarufu Utamaro na Hokusai. Kisha mwaka 1997 kwenye hekalu moja la Koshigaya, kaskazini ya Tokyo, likapatikana daftari la marehemu lenye Saito Jurobei, mtumishi wa bwana wa Awa, mkazi wa Hatchobori, aliyefariki mwaka 1820 akiwa na umri wa miaka 58. Wataalamu wengi sasa wanakubali kuwa ndiye.

Ukilikubali, kisa kinabadilika rangi. No ilikuwa sanaa ya mabwana, ya vinyago na utulivu, na waigizaji wake walilishwa na nyumba za watawala. Kabuki ilikuwa ya mjini, ya kelele na sokoni. Mtu wa no hakutakiwa kuonekana akijihusisha nayo hadharani, kwa hiyo jina la kubuni lina maana, na kunyamaza kwake nako kuna maana. Na aliingia ukumbini na jicho la mtu wa kazi. Alijua shingo na mikono inavyoweza kusema, maana kwenye no uso hufichwa na kila kitu huachiwa hivyo viwili. Katika tamthilia hii hii ya Edobei yumo mwigizaji wa no, Takemura Sadanoshin, baba yake Shigenoi, ambaye anajiua kwa ajili ya aibu ya binti yake. Sharaku alimchora pia, akichezwa na Ichikawa Ebizo, mkongwe mkubwa wa wakati huo. Sijawahi kuona chembe ya mzaha kwenye uso ule.

Kwenye chapa ya Edobei yenyewe hakuna jina la Oniji. Kuna saini ya Sharaku, kuna muhuri mdogo wa kuonyesha kuwa imepita ukaguzi, na kuna alama ya Tsutaya: mlima juu ya jani la tsuta, mmea utambaao uliompa duka lake jina. Mnunuzi wa 1794 hakuhitaji zaidi. Alimjua Oniji kwa pua yake na kwa nembo ya familia iliyo kwenye nguo, alikuwa amemwona juzi. Sisi tumemtambua kwa kulinganisha nembo na vijitabu vya matangazo ya kumbi za mwezi ule, kazi ya subira iliyofanywa na watafiti karatasi baada ya karatasi.

Mwezi wa 11 mwaka huohuo, kwenye onyesho la kufungua mwaka wa kabuki ambapo waigizaji hupewa majina mapya, Otani Oniji III aliacha jina hilo akawa Nakamura Nakazo II. Ni jina zito, lililoachwa na mkongwe. Sharaku alikuwepo, akamchora tena chini ya jina jipya, safari hii katika nafasi ya mwanamfalme Koretaka aliyejificha kwa sura ya mkulima. Pua ni ileile. Nakazo II alifariki mwaka 1796, na Tsutaya mwaka 1797.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1910, Mjerumani Julius Kurth alichapisha kitabu kizima kuhusu Sharaku mjini Munich, na ndipo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walipoanza kumgombania, na Japani nayo ikamgeukia upya. Kwa kumgombania huko chapa zilisambaa moja moja. Si kila mwenye Edobei ana Ippei. Kwa hiyo ukibahatika kusimama mbele ya Edobei kwenye makumbusho, tafuta kwenye simu yako chapa ya Ichikawa Omezo, uishike upande wa kushoto, usawa na macho yake. Upanga unatoka kwenye ala, vidole vinafunguka, na fedha zinazogombewa hazionekani kwenye karatasi yoyote kati ya hizo mbili.